Kichanga ana 37.8 na chumba ni cha mabati: ni joto la nje au ni maambukizi?

MhudumuTemeke
Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kabla ya ziara za nyumbani. Februari hii hapa Dar, vyumba vya mabati visivyo na dari vinawaka kuanzia saa sita mchana, na vichanga bado wanavalishwa kofia, soksi na blanketi. Kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.8, nitajuaje ni chumba au ni ugonjwa? Na bibi akishikilia kwamba mtoto ana kiu apewe maji, nimwambie nini?

MkungaTanga
Ndugu, kabla hujavua chochote mwangalie mtoto. Ananyonya? Ukimgusa unyayo anajitikisa? Hesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 60, hesabu tena. Akiwa hanyonyi, amelegea, amepata degedege, kifua kinabonyea ndani, au hesabu ya pili nayo ni 60 na zaidi, usikae kumpoza. Aende kituo sasa hivi.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, ondoa blanketi, kofia na soksi. Abaki na nepi na kanga moja nyepesi, mtoe kibarazani penye kivuli na upepo, mama amnyonyeshe, kisha pima tena baada ya nusu saa. Kawaida kwapani ni 36.5 hadi 37.4. Joto la kufunikwa hushuka upesi, la maambukizi mara nyingi hung'ang'ania. Paracetamol asipewe: haiondoi joto lililotoka nje ya mwili, na inaweza kuficha homa ya kweli. Maji ya barafu pia hapana, kichanga hupoa kupita kiasi haraka sana.

DaktariWaVichanga
Mkunga amesema vizuri, ila hapa niwe mkali kidogo. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 37.5 na kuendelea ni dalili ya hatari. Likishuka baada ya kumvua, bado aonwe kituoni siku hiyohiyo. Lisiposhuka, hakuna cha kusubiri.

Kuhusu maji: karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Tumbo la kichanga ni dogo, kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa. Mtoto ananyonya kidogo, matiti nayo yanatengeneza kidogo. Figo zake hazijakomaa kutoa maji ya ziada, chumvi ya damu inashuka, degedege linafuata. Mwambie bibi kikombe hicho akinywe mama, kila anaponyonyesha. Bibi akipewa kazi hiyo huwa anaisimamia kweli.

Hatari nyingine ni mtoto asiyepata maziwa ya kutosha. Huyu chumvi yake hupanda, analala mno, na ndugu wanamsifu kwa utulivu. Mwamsheni: anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na wakati wa joto hata zaidi. Kuanzia siku ya 5 akojoe angalau mara 6. Madoa ya rangi ya tofali kwenye nepi baada ya siku ya 4, au uzito kupungua zaidi ya asilimia 10 (aliyezaliwa na kilo 3 akishuka chini ya 2.7), apelekwe.

AfyaYaUzazi
Tuanzie tumboni basi. Uchambuzi wa tafiti uliochapwa na jarida la BMJ mwaka 2020 ulionyesha kwamba kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka huambatana na ongezeko la takribani asilimia 5 la uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, na kiasi hichohicho kwa mtoto kufia tumboni. Mtoto hutoa joto lake kupitia damu ya mama. Mama akichemka, damu inakimbilia kwenye ngozi na kondo linapungukiwa. Mjamzito anayekaanga maandazi kwenye kuni amalize kabla ya saa nne, anywe maji bila kungoja kiu. Tumbo likikaza, alale ubavu wa kushoto kivulini na anywe maji. Likiendelea kukaza kabla ya wiki 37, maji yakitoka, akiona damu, au mtoto akipunguza kucheza, hospitali.

MhudumuTemeke
Nashukuru sana. Na feni?

MkungaTanga
Iwashwe, ila ielekezwe ukutani isimpige mtoto usoni. Neti ibaki, kanga iliyotandazwa juu ya neti iondolewe, inazuia hewa. Njiti aliye kwenye kangaruu (anabebwa kifuani ngozi kwa ngozi) usimtenge na kifua cha mama: ondoa blanketi la mama, kisha pima.