Mbegu ya mama mkwe ni mali ya nani?

MLETA MADA
Wadau, habari za jioni. Mama mkwe wangu huko Makueni ana kunde alizopewa na mamake siku alipoolewa. Kila mavuno huchagua maganda yaliyojaa, huanika, huchanganya punje na majivu, kisha hutia kwenye kibuyu juu ya meko zisibunguliwe. Jirani akiishiwa hupimiwa kikombe kimoja, naye akivuna hurudisha viwili.

Sasa, sheria ya mbegu ya Kenya ilivyorekebishwa 2012, kuuza au hata kubadilishana mbegu isiyothibitishwa kungeweza kukupeleka jela miaka 2 au kukutoza hadi shilingi milioni 1. Kwa kikombe cha kunde! Wakulima 15 wakaenda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungu hivyo vinakiuka katiba. Mimi naona ilichelewa. Ujuzi wa kuchagua mbegu ni wa akina mama hawa, na hakuna aliyewalipa. Nyie mwasemaje?

MWENYE AGROVETI
Heshima kwa mama, ila unachanganya mambo mawili. Mahindi ya H611, yaliyotoka Kitale 1964, hayakuokotwa kichakani. Watu walikutanisha aina mbili za mahindi, Kitale Synthetic II na Ecuador 573, wakachavusha kwa mkono, wakafunika mbelewele kwa mifuko ya karatasi, msimu baada ya msimu. Aliyetoa jasho hilo asipolipwa, nani atatafuta mbegu nyingine?

Halafu kuna matapeli. Mteja wangu mmoja alinunua pakiti barabarani, akaja kwangu analia. Nilitia punje chache kwenye maji: rangi ikabaki vidoleni. Mahindi ya kula, yamepakwa rangi tu! Mkiondoa uthibitisho wote, huyo mnamlinda na nini?

MKULIMA WA MBEYA
Huku Tanzania tuliingia UPOV, ule muungano wa kimataifa wa kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, mwaka 2015. Kwa mkulima mdogo tumewekewa mbegu za kuazimiwa ubora: unazalisha shambani kwako, mkaguzi anapita, unauza ndani ya wilaya yako. Si mbaya. Lakini mimi shamba langu liko mpakani kabisa. Shemeji yangu yuko ng'ambo ya mto, wilaya nyingine. Hebu mnieleze, maharage yanajuaje kuwa yamevuka?

MLETA MADA
Kaka wa Mbeya umenichekesha.

Mwenye agroveti, tapeli ashikwe kwa utapeli wake. Pakiti yenye jina la uongo ni wizi, sina ubishi, na mbegu ya dukani ikaguliwe hata mara tatu. Mama hauzi pakiti. Anayechukua kwake anamjua, na shamba lililozaa amelipita kila siku akienda kisimani.

Ila hiyo Ecuador 573 umeitaja mwenyewe. Ni mahindi ya wakulima wa Ecuador, yakaletwa huku, yakachanganywa na ya Kitale, yakatulisha. Wale wakulima waliulizwa? Walitia sahihi wapi? Kama wangetufungia kibuyu chao, H611 ingetoka wapi?

MWENYE AGROVETI
Hapo umenibana. Lakini mchavushaji wa Kitale bado ana watoto wa kulisha. Yeye alipwe na nani?

MLETA MADA
Na serikali, kwa kodi yetu, na mbegu itolewe kwa wote. Bishana na hilo kesho, leo nina kunde za kupepeta.