Mama anakuja kutoka Tanga, nimpeleke wapi jimbo la Georgia, Marekani, kwa siku 6?

mwana_chumbageni: Wakuu habari za humu. Niko Minneapolis, mama anakuja mwezi wa kumi. Nimepata likizo ya siku 6, nataka tupande ndege hadi Atlanta, tukodi gari. Mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua. Amefundisha madrasa maisha yake yote, kelele za mjini hapendi. Safari iliyopita nilimpeleka jumba la makumbusho, akakaa kwenye benchi la mlangoni mpaka nikatoka. Orodha yangu: Atlanta, Stone Mountain, milima ya kaskazini, Savannah, kinamasi cha Okefenokee, visiwa. Vyote vinawezekana?

utingo_mstaafu: Haviwezekani, labda uwe umemleta mama awe tandiboi wako. Atlanta hadi Savannah peke yake ni kama kilomita 400. Milima iko kaskazini, pwani iko kusini mashariki. Huko milimani watu huenda kuona maporomoko ya Amicalola, mita 222, mazuri kwelikweli, lakini ngazi zake zinapita 600. Kwa magoti yale? Shukeni pwani.

Nyali_254: Stone Mountain msiache, iko karibu na Atlanta na kuna gari la kamba la kuwafikisha juu.

utingo_mstaafu: @Nyali_254 Mwambie basi na kilichochongwa ubavuni mwa huo mlima. Ni Jefferson Davis, Robert E. Lee na Stonewall Jackson juu ya farasi, wakuu wa upande uliopigania utumwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Na Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, ilifufuliwa hapo hapo juu mwaka 1915.

Nyali_254: Najua, bro. Ndiyo maana nasema aende akaone. Historia si ile ya kupendeza pekee.

mwana_chumbageni: Msigombane wakuu. Stone Mountain naikata, mama hatafurahi kupigia picha hao mabwana.

mama_sombe: Ndugu, miye naishi Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, Wakongomani tuko wengi hapa. Mkishuka mpitie mule sombe (nyinyi mnaita kisamvu). Kisha umpeleke mama Sapelo, kisiwa kilicho kusini ya Savannah. Hapo, kijiji cha Hogg Hummock, wanaishi Wagullah-Geechee, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya kisiwani, na lugha yao ina maneno ya Afrika mpaka leo. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliletwa pale Bilali Muhammad, mtu wa Timbo, Guinea ya sasa. Alikuwa msimamizi wa watumwa wenzake na aliacha kijitabu cha mkono kwa Kiarabu. Watu walidhani ni shajara yake. Wenye elimu walipokisoma, wakakuta ni mambo ya udhu, adhana na sala.

mwana_chumbageni: Subhanallah. Kiko wapi hicho kijitabu?

mama_sombe: Maktaba ya Chuo Kikuu cha Georgia, mji wa Athens. Kisiwani utakuta wazao wake.

utingo_mstaafu: Hapo mama_sombe umemaliza. Ila Sapelo huendi kiholela. Kivuko kinaondokea Meridian, karibu na Darien, na hupandi bila kuwa umejiandikisha kwenye ziara au kuwa mgeni wa mwenyeji. Panga mapema. Beba dawa ya mbu, na visubi vya pwani ile havina adabu. Mwezi wa kumi bado ni msimu wa tufani, kwa hiyo fuatilia hali ya hewa. Ikibaki siku moja, ingieni Okefenokee kwa boti upande wa Folkston. Mama atakaa tu kwenye kiti. Maji meusi kama chai ya rangi, mamba wamejianika, kimya kabisa.

Nyali_254: Na Savannah tembeeni asubuhi, viwanja vyake vina vivuli. Ila ujue nje ya mji ule, Machi 1859, watu 436 waliwekwa mnadani kwa siku mbili.

mwana_chumbageni: Nimemsomea mama uzi wote kwa simu. Milima na mamba hakusema kitu. Ameuliza moja tu: huyo Bilali alikuwa wa madhehebu ya Shafii kama sisi?

mama_sombe: Maliki, kama Waislamu wengi wa Afrika Magharibi.

mwana_chumbageni: Kasema basi sala atakuwa alisali mikono chini, bila kuifunga kama sisi. Na kaniambia nikate tiketi.