Kadi ya CHF tumelipia, dawa hakuna: zahanati ya kijiji tuanze kuibana wapi?

Mjumbe_Chamwino

Mbukwenyi wakuu. Naongelea zahanati ya kijiji, wilaya ya Chamwino. Kaya zimelipa shilingi 30,000 ya CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), kadi ya watu sita kwa mwaka. Mgonjwa akifika anaonwa, anaandikiwa, kisha anaambiwa akanunue duka la dawa. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anasema MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) haileti. Ukienda halmashauri unajibiwa kwamba tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja (zile za wafadhili wa afya) zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo mkiulizana ulizaneni wenyewe.

Zinazokatika kila mara ni amoxicillin ya watoto, vidonge vya kuyeyusha (250 mg), pamoja na zinki na ORS za kuharisha. Kamati ya usimamizi ya kituo inakaa mwezi ujao na mimi ni mjumbe. Naomba majibu ya kiutendaji, siasa tuiweke pembeni. Tukague nini kwanza?

LejaSafi

Mkuu, kabla hamjamlaumu MSD, ombeni leja ya stoo ya hiyo amoxicillin na nakala ya fomu ya mwisho ya maombi. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye hesabu ya wastani wa matumizi.

Chukua mfano. Kwa siku 90 zahanati imetoa vidonge 1,800. Mwenye kujaza fomu anagawa kwa miezi mitatu, anapata 600 kwa mwezi, anaagiza kwa wastani huo. Lakini leja inaonyesha dawa ilikatika siku 40. Maana yake ile 1,800 ilitoka ndani ya siku 50, yaani vidonge 36 kwa siku, sawa na 1,080 kwa mwezi. Ukiagiza kwa 600, mzigo ukija hata bila kupunguzwa, siku ya 50 rafu iko tupu tena. Robo inayofuata unagawa tena kwa tatu, unapata 600 ile ile, na kwenye karatasi inaonekana zahanati haina shida. MSD wakileta pungufu ya ulichoomba, wastani unashuka zaidi. Hivyo ndivyo kituo kinavyojipunguzia dawa chenyewe mwaka hadi mwaka.

Kanuni ni fupi: ulichotoa, gawa kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, zidisha kwa 30. Ndipo uzidishe kwa miezi ya mzunguko pamoja na akiba ya kungojea mzigo, uondoe kilichopo stoo. Kama mzunguko wenu ni wa miezi miwili, hesabu ni ile ile, badilisha 90 iwe 60.

Angalieni pia tarehe ya kuwasilisha. Fomu ikichelewa kufika kwa mfamasia wa wilaya, inasubiri mzunguko mwingine, na hapo hakuna wa kumlaumu. Na mkifungua stoo, tazameni maboksi yamepangwaje: inayoisha muda mapema ikae mbele. Zinki iliyoisha muda nyuma ya zinki mpya ni kitu cha kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Kasma_na_Vocha

Naongezea upande wa pesa, maana hesabu nzuri bila salio ni mapambo.

Zahanati ina mifuko miwili ya dawa na wajumbe wengi wanajua mmoja tu. Kuna akaunti ya kituo iliyoko MSD, ambako serikali inaweka fedha za dawa. Hiyo huigusi taslimu, unaletewa mzigo. Halafu kuna akaunti ya benki ya kituo, inayopokea mfuko wa pamoja, CHF, NHIF (bima ya afya ya taifa) na papo kwa papo, yaani taslimu ya mgonjwa. Kikaoni ombeni taarifa mbili: salio la MSD, na taarifa ya mapato na matumizi kutoka FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za kituo. Taarifa ya benki peke yake haitoshi kwa sababu haionyeshi kasma (fungu la matumizi), na kwenye kasma ndipo mtaona kama fedha ya dawa imekwenda kwenye posho na mafuta ya pikipiki.

Sasa, MSD wakikosa dawa si mwisho wa safari. Dodoma ndiko mfumo wa mshitiri (msambazaji binafsi mwenye mkataba na mkoa), yaani Jazia, ulikoanzia mwaka 2014 kabla ya kwenda Morogoro na Shinyanga, kisha nchi nzima. Njia yake: kituo kinaagiza MSD kwanza, MSD wanatoa taarifa ya kutokuwepo kwa bidhaa, kituo kinajaza oda ya zile zilizokosekana tu na kuipeleka kwa mfamasia wa wilaya, oda za vituo zinajumuishwa na kwenda kwa mshitiri wa mkoa, kwa bei ya mkataba. Kituo kinalipa kutoka akaunti yake ya benki.

Inakwamia wapi? Kwanza, ile taarifa ya MSD haifuatiliwi, na bila hiyo mkaguzi atahoji kila shilingi. Pili, oda ndogondogo zinatumwa kwa siku tofauti, mshitiri hapeleki gari Chamwino kwa maboksi mawili. Tatu, vituo vinachelewesha malipo kwa sababu watia saini wa benki hawakutani, kisha mshitiri anafunga mlango kwa wilaya nzima. Hii ya tatu kamati inaweza kuimaliza siku hiyo hiyo: wekeni tarehe ya kusaini, ijulikane.

Mzigo ukifika, kamati ya mapokezi ihesabu mbele ya dereva na kulinganisha oda, hati ya kupelekea na maboksi, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Mkisaini kwanza mkahesabu kesho, upungufu ni wenu.

Mzee_wa_Kibaigwa

Mmejibu vizuri ila hakuna aliyegusa kwa nini ni dawa *hizo tatu*. Zitazameni tena: amoxicillin ya watoto, zinki, ORS. Zote zinakwenda zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, naye kwa sera anatibiwa bure. Hahitaji hata hiyo kadi. Kila boksi linalotoka hapo halirudishi shilingi kituoni, kwa hiyo linajazwa na fedha ya serikali na mfuko wa pamoja, au linajazwa kimyakimya na 30,000 ya mwenye kadi. Ndiyo maana mwenye kadi anahisi ameibiwa wakati hakuna mwizi.

Gawanya 30,000 kwa watu sita: 5,000 kwa mtu kwa mwaka. Mfuko wa namna hiyo unasimama tu kama wazima ni wengi kuliko wagonjwa. Kwetu watu wanajiandikisha masika, wakati pesa haipo na kikohozi kipo. Anayelipa ni aliyekwisha kuugua. Afisa mwandikishaji apite na simu yake Juni na Julai, alizeti na mtama vikiwa vimeuzwa.

Kwa kikao chenu: misamaha, yaani matibabu ya bure, iandikwe kwa shilingi. Rejesta ina idadi ya watoto, bei ya MSD mnayo, zidisheni. Halmashauri ikipelekewa takwimu ya "watoto wengi" haifanyi kitu. Ikipelekewa kiasi cha fedha wakati wa kuandaa mpango kabambe wa afya, ina mahali pa kukiingiza.

Uwele_Mweupe

Haya yote yanakwisha na bima ya afya kwa wote. Sheria ilipita 2023 hapo hapo Dodoma. Tusubiri utekelezaji wake ukamilike.

Mzee_wa_Kibaigwa

@Uwele_Mweupe sheria naiunga mkono, hasa ule mfuko wa wasio na uwezo ambao vyanzo vyake ni pamoja na sehemu ya ushuru wa vinywaji. Lakini bima inalipa madai, haijazi leja. Fomu isiyo na utambuzi wa ugonjwa wala saini ya mgonjwa inakatwa, leo na kesho. Kituo kisichojua kimetoa vidonge vingapi kitadai nini?

Mjumbe_Chamwino

Nashukuru sana. Swali moja kwa LejaSafi: nimechungulia leja yetu, siku za kukosa dawa hazijaandikwa kabisa. Nitajuaje dawa ilikuwepo siku ngapi?

LejaSafi

Siku hutazipata, ila mahitaji utayapata: tumia rejesta ya wagonjwa wa nje. Dozi ya nimonia kwa amoxicillin ya 250 mg inajulikana: mtoto wa miezi 2 hadi 11, kidonge kimoja mara mbili kwa siku 5, jumla 10. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, viwili mara mbili, jumla 20. Zinki ni siku 10: kidonge cha 20 mg kwa siku, na nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6.

Tuseme rejesta ina nimonia 14 za wadogo na 35 za wakubwa: 140 na 700, jumla 840. Hayo ndiyo mahitaji. Sasa linganisha na leja. Kama leja inasema zimetoka 1,800 kwa kipindi hicho hicho, usikimbilie kuongeza oda kwa kanuni yangu ya juu, utakuwa unaongeza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kuna vidonge 960 vya kuelezwa. Toa vilivyokwenda kwa magonjwa ya masikio na mengine yanayostahili amoxicillin, rejesta itakuonyesha. Kinachobaki mara nyingi ni mafua ya kawaida yaliyoandikiwa antibiotiki. Dodoma malaria ni ndogo, mtoto mwenye homa akipimwa na kukutwa hana, mtoa huduma anaona vibaya kumrudisha mama mikono mitupu. Hiyo inazungumzika kwa upole. Kama hata mafua hayatoshi kueleza pengo, hesabuni stoo na dirisha la dawa siku moja, bila kutoa taarifa, ufunguo ukiwa mezani.