Nimeomba kwa miezi 14 na sasa maneno yameniishia: je, bado ninamtumaini Mungu?

Mwenye Daftari

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, na leo naandika kwa sababu jambo hili nimeshindwa kulisema kanisani, na nyumbani sijui nilianzie wapi.

Miezi 14 iliyopita nilipunguzwa kazini pamoja na wenzangu kadhaa. Mwanzoni sikutikisika, kwani nilikuwa na akiba kidogo, nilikuwa na ujuzi, na zaidi ya hayo nilikuwa na mazoea ya kuomba ambayo nilidhani ndiyo imani yenyewe. Nina daftari ninaloandika maombi yangu kwa miaka mingi: upande wa kushoto naweka tarehe na ombi, na upande wa kulia naandika neno moja tu, "limejibiwa", kwa wino mwekundu. Kurasa za zamani zimejaa wino huo. Katika kurasa za mwaka huu, upande wa kulia ni mweupe kuanzia juu hadi chini.

Kisha mke wangu akaanza kuumwa, na sasa tunasubiri majibu ya vipimo. Tangu hapo naamka saa tisa usiku, nakaa mezani, nafungua daftari na kuandika tarehe, na baada ya tarehe sina la kuandika. Ninazo kurasa tatu zenye tarehe peke yake.

Ndugu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba ninachelewesha jibu langu kwa mashaka, na kwamba kuendelea kutuma maombi ya kazi huku nikisema nimemwachia Mungu ni kushika njia mbili. (Lugha yetu inatumia neno "maombi" kwa yote mawili, na kwangu yote mawili hayajajibiwa.) Mwingine alinipa neno kwamba ndani ya miezi mitatu mlango utafunguka, na miezi hiyo imekwisha zamani. Naomba mnishauri: mtu asiyeweza kuomba, je, bado anamtumaini Mungu? Na kumtumaini kunanitaka niache kuhangaika?

Askari wa Msalaba

Ndugu, simama imara. Adui anataka uyakiri mashaka ili akunyang'anye kilicho chako. Kiri ushindi asubuhi na jioni, wala usiruhusu kinywa chako kitamke kushindwa, kwa maana Mungu hachelewi. Amina.

Mama wa Wanne

Mwanangu Askari, najua umesema kwa upendo, lakini niruhusu nikupinge hapo kwenye kuyakiri mashaka. Yule baba wa Marko 9, aliyemleta mwanawe kwa Yesu, aliyakiri mashaka yake mbele ya Bwana mwenyewe kwa kupaza sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakuambiwa arudi nyumbani akaikamilishe imani yake kwanza, mtoto aliponywa palepale.

Na wewe Mwenye Daftari, chukua Zaburi ya 13 uhesabu ni mara ngapi inauliza "hata lini" katika mistari miwili ya kwanza. Ni mara nne. Hiyo angalau inamalizika kwa wimbo. Zaburi ya 88 haina hata mgeuko huo. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo miongoni mwa Zaburi 150, ikisomwa kama sala na watu wa Mungu kizazi baada ya kizazi. Nilipofiwa na mume wangu, kwa karibu mwaka mzima sikuomba sala yangu mwenyewe hata moja. Nilisoma Zaburi ya 13 kwa sauti kila usiku, na ziko siku nyingi ambazo niliishia mstari wa pili nikazima taa. Maneno yakikuishia, azima ya hao waliotangulia. Kuhusu hizo kurasa zenye tarehe tupu, Paulo anasema katika Warumi 8 kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, nami sioni kwa nini kuugua huko kusihesabiwe kwa sababu tu hakuna wino.

Mwalimu wa Jumapili

Naomba niligusie lile neno la miezi mitatu, kwa sababu naona limekuumiza kuliko unavyosema.

Katika Yeremia 28, nabii aitwaye Hanania alisimama katika nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka wote watarudishwa kutoka Babeli. Yeremia alimjibu "Amina". Yeye pia alitamani iwe hivyo. Lakini baadaye alitumwa amwambie Hanania kwamba Bwana hakumtuma, na kwamba amewafanya watu hawa kuutumaini uongo. Angalia hapo jinsi neno "kutumaini" lilivyotumika: inawezekana mtu akatumaini kwa moyo wote, akawa ametumaini tarehe aliyopewa na mwanadamu. Tarehe hiyo ikipita, anadhani ni Mungu aliyevunja ahadi.

Sura inayofuata ni barua kwa wale waliohamishwa kwenda Babeli pamoja na Yekonia, mfalme wa Yuda, mwaka 597 KK, na ndani yake umo mstari wa 11 tunaopenda kuuandika kwenye kadi, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mstari wa 10, ambao sijawahi kuuona kwenye kadi yoyote, unasema miaka 70. Wengi waliosikia barua hiyo ikisomwa walijua kwamba watazikwa Babeli. Hata hivyo waliambiwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, tena wauombee mji ule wasioutaka. Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu bila kusita: tuma hayo maombi ya kazi, na ukipata kazi ndogo isiyolingana na ujuzi wako, usiidharau. Waliopanda bustani Babeli hawakuwa wameacha kumtumaini Mungu, kwani yeye ndiye aliyewaagiza wapande.

Muuguzi

Nitaongeza jambo dogo tu. Nabii Eliya alipokaa chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe, malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mtu anayeamka saa tisa kila usiku kwa wiki nyingi anapaswa kumweleza daktari pia, wala hilo si upungufu wa imani. Siku ya majibu nendeni wote wawili, mkiwa mmeandika maswali yenu kwenye karatasi, kwa maana mle ndani mtu husahau hata aliyokuwa ameyakariri njiani. Je, mkeo anajua hali yako?

Mwenye Daftari

Hajui. Asubuhi navaa kama mtu anayekwenda mahali, na tukisali pamoja jioni nasali kwa sauti ileile ya zamani. Sikutaka kumwongezea mzigo juu ya ule alio nao.

Askari wa Msalaba

Mama, nimekusikia, na naomba radhi kama nilimwongezea ndugu yetu jeraha. Hata hivyo bado nina swali la kweli. Ikiwa mtu anaweza kulia, kushindwa kuomba na kuwa na mashaka, halafu tukasema anamtumaini Mungu, basi tofauti yake na aliyekata tamaa iko wapi?

Mama wa Wanne

Swali ni zuri, mwanangu. Mimi hutazama anayeambiwa. Ile Zaburi ya 88, pamoja na giza lake lote, haikuandikwa kumsimulia jirani habari za Mungu. Imeelekezwa kwa Mungu mwenyewe, na hata lawama zake anaambiwa yeye. Wale vijana watatu wa Danieli 3, waliotishiwa kutupwa katika tanuru la moto wasipoisujudia sanamu ya mfalme, walimwambia mfalme huyo kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," nao bado hawakuisujudia sanamu. Hawakuwa na uhakika wa tanuru litaishaje, ila walikuwa na uhakika wa nani watakayemwabudu. Ndugu huyu anaamka saa tisa usiku na kulifungua daftari lilelile kwa ajili ya Mungu yuleyule. Aliyekata tamaa haandiki tarehe.

Mwenye Daftari, hilo la mkeo lifanye leo, usingoje kesho.

Mwenye Daftari

Nimerudi baada ya siku mbili. Nilimwonyesha daftari jana usiku. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mengi, lakini alizipita kurasa haraka mpaka kwenye zile tatu, akasema alikwisha kuziona tangu wiki iliyopita alipokuwa akitafuta kalamu, na kwamba alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Tulikaa pale mezani hadi karibu alfajiri. Hatukuomba sala ndefu. Alisoma Zaburi ya 13, akafika mstari wa pili akanisukumia Biblia niendelee, nami nikaendelea.

Majibu ya vipimo ni kesho. Maswali tumeyaandika, ni tisa. Bado naogopa, na sitasema vinginevyo.

Muuguzi

Ni saa ngapi?

Mwenye Daftari

Saa nne asubuhi.

Askari wa Msalaba

Saa nne nitakuwa nimepiga magoti kwa ajili yenu, ndugu yangu, na safari hii sitakuagiza cha kukiri.