Mrejesho: Wasiwasi wa usiku na daftari la alasiri

Mwezi uliopita niliwaeleza kwamba kila nikilala, hapa Langoni, Lamu, akili yangu hurudia maneno niliyoyasema mchana, na kwamba huinuka mara tatu kukagua mlango niliokwisha kuufunga. Wengi wenu mlinishauri nitenge muda maalumu wa kuhangaika.

Nimefuata. Baada ya sala ya alasiri huketi dakika 20 na daftari, nikaandika yote yanayonisumbua, na likinijia jambo usiku hujiambia kuwa zamu yake ni kesho. Juma la kwanza sikuona nafuu, na nakiri nilikereka. Juma la tatu nilirudi nyuma kurasa chache nikakuta nimeandika, "Mama mkubwa hakuniitikia salamu", ilhali asubuhi hiyo alikuwa ameniletea mkate wa mofa, nami nilikwisha kulisahau jambo lenyewe.

Kahawa tungu ya baada ya isha nimeiacha pia, kwa kuwa kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu tu mwilini. Hilo ndilo lililoniwia gumu zaidi, maana barazani asiyeshika kikombe huulizwa kama anaumwa.

Mlango bado naukagua, lakini mara moja tu.