"Bucha" ziwani na "nyani" kwenye bei: huyu Mwingereza alisema nini?

Nahodha wa Saanane:
Wakuu, habari za jioni. Navusha wageni kwenda Saanane kwa boti. Juzi nilimbeba mzee mmoja wa London, fundi magari mstaafu. Tulipofika usawa wa jiwe la Bismarck mashine ikaanza kukohoa. Mzee akainuka: "Let's have a butcher's." Bucha, majini? Akachokonoa plagi, ikawaka. Halafu akasema ya kwake ilimgharimu "a monkey". Kiingereza cha darasani ninacho, hiki sicho. Nani anakijua?

Mpishi Mstaafu, Kirumba:
Nahodha, huyo ni mtoto wa London mashariki. Nimeosha vyombo kule miaka mingi, mwanzoni nilikuwa naitikia tu "yes, yes". Wale husema kwa vina, kisha wanakitupa kina chenyewe. "Look" inaitikiana na "hook", ile ndoano ya kutundikia nyama: "butcher's hook". Wanaacha "hook", inabaki "butcher's". Maana yake: hebu nitupie jicho. Si mambo ya juzi. Kamusi ya lugha ya mitaani ya John Camden Hotten ya mwaka 1859 tayari ina orodha ya maneno hayo.

Chukua mfano wa kwetu. Badala ya "hasara" useme "sangara wa Ukara", halafu uache Ukara. "Leo nimepata sangara!" Mgeni anakupongeza, kumbe unalia.

"Monkey" ni jambo jingine, haina kina: ni pauni 500. Sisi tuna jero, wao wana nyani. "Pony" ni pauni 25.

Binti Nyegezi:
Mimi nilisikia imetoka India, eti noti ya rupia 500 ilikuwa na picha ya nyani.

Mpishi Mstaafu, Kirumba:
Mwanangu, hiyo hata kule wanaisimulia baa, na ni tamu kweli. Ila noti za serikali ya India zilianza 1861, na wacheza kamari wa London walikuwa na "monkey" yao kabla ya hapo.

Nahodha wa Saanane:
Shikamoo mzee, asante sana. Sangara nimeichukua, kesho naianzisha mwaloni. Na deiwaka wangu aliambiwa "use your loaf", akampa mzee andazi.

Mpishi Mstaafu, Kirumba:
Marahaba. "Loaf of bread", "head". Alikuwa anaambiwa atumie kichwa.