Mrejesho: Corolla iliyokata umeme, altaneta haikuwa na kosa

Wakuu, habari za leo. Lile tatizo la Corolla ya 1998, umeme wote kukatika ghafla na kurudi gari likipita tuta, limepatikana. Asanteni sana mliosisitiza kupima kwanza.

Betri ilisoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, 14.2 ikiunguruma. Hapo altaneta, mashine inayochaji betri, ikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Kilichofichua ugonjwa ni kupima arthi (waya wa hasi unaotoka betri hadi kwenye injini) wakati starta inazungusha injini: multimita kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi juu ya nguzo ya hasi yenyewe (siyo kwenye tominali, kile kibano cha waya kinachoishika), nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Volti zinazopotea njiani zisizidi 0.3 hivi. Ilisoma 1.6! Kutoka nguzo hadi tominali 0.02 tu, kutoka tominali hadi mwisho wa waya huo, upande wa injini, 1.5. Basi kosa limo ndani ya waya.

Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Mpira ulipopasuliwa, shaba ilikuwa unga wa kijani, nyuzi chache tu zimeshikilia. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, kama huku Raskazone, chumvi huingilia kwenye kikonyo (kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) na kupanda na nyuzi.

Umewekwa waya wa milimita 25 za mraba, vikonyo vimebanwa kwa koleo lake, chuma kimepigwa msasa hadi king'ae, grisi ikapakwa baada ya kukaza nati. Sasa inasoma 0.08, hata waya ukitikiswa.